Ndoa Niliyokwenda Kuizuia Kajiado

Kuna watu Kajiado ambao mpaka leo wakinikuta sokoni wananisalimia vizuri, wananiuliza habari za watoto, halafu wanainama karibu na sikio langu na kuniuliza kama ule waya ulishatoka tumboni. Nacheka nao. Nitafanya nini? Aibu yangu ilishuhudiwa na wazee, afisa wa mifugo, akina mama wa kanisa letu na ng'ombe, na hakuna anayeweza kusema hakuona vizuri kwa sababu ilikuwa mchana kweupe na maiki ilikuwa mkononi mwangu. Kwa hivyo acheni niwasimulie mimi mwenyewe, maana Mama Kevo akisimulia huongeza chumvi mpaka ng'ombe nao wanaongea.

Nianze na wivu, kwa sababu bila wivu ningekaa nyumbani siku hiyo nifue mapazia. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, Kitengela ikijengwa kila upande, na sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye ploti moja nyuma ya barabara ya Namanga, mimi na Baba Nekesa, Wabukusu wawili kutoka Bungoma, wote walimu wa fizikia. Wote, sikieni hapo. Chuoni mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha umeme mtihani ukikaribia (hawezi kukataa, muulizeni). Tulipooana tukakubaliana kwamba yeye atangulie kurudi chuo kikuu kwa shahada ya pili, akimaliza niende mimi. Halafu Nekesa akazaliwa, yeye akatangulia, na zamu yangu ikawa kitu cha kuzungumziwa Krismasi tukiwa tumeshiba.

Huko chuo kikuu ndiko alikompata Mwende, msichana wa Machakos aliyekuwa akifanya utafiti pamoja naye. Sikuwa nimewahi kumwona lakini nilimjua kuliko dada zangu. Mwende amesema hivi, Mwende amegundua vile, Mwende hanywi chai na sukari. Siku moja nimepika mboga ya managu nikiwa nimechoka, mtu anaonja na kuniambia kwamba kwao akina Mwende huongeza maziwa kidogo, kana kwamba mama yangu mimi alinilea kwa managu makavu. Nilimtazama. Yeye aliendelea kula.

Na kazi yenyewe ndiyo ilinimaliza, kwa sababu ilikuwa nzuri. Nitaeleza kwa ufupi, msinikimbie. Kuna vyuma fulani ukivipitishia sumaku vinarefuka kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kuna vitu vingine, vigumu kama kigae, ukivivuta au kuvibana vinatoa umeme. Sasa ukichukua kipande chembamba cha hiki na cha kile ukavibandika mgongo kwa mgongo, sumaku ikipita, cha kwanza kinajivuta, kinamvuta mwenzake, na mwenzake anatoa umeme. Watu wa nchi za mbali walikuwa wakihangaika navyo ili watengeneze vipimo vidogo vya kuhisi sumaku hafifu, hata kumbukumbu za kompyuta zisizokula umeme mwingi, na mume wangu na Mwende walikuwa wakihangaika navyo katika maabara yenye dirisha lililovunjika. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili na kuwaza kwamba mikono inayoshika vile vipande ingekuwa yangu.

Mwanzoni alikuwa akija mlangoni mwa jikoni kunieleza kila kitu, na siku moja nikamkata kwa kejeli, neno moja tu, nikarudi kwa ugali wangu. Cha ajabu hakukasirika, alisimama pale akitabasamu kama mtu niliyempa zawadi. Siku zilizofuata nikaongeza sauti ya redio. Mwishowe nikamwambia kwamba kama hana habari ya bei ya unga basi asiniletee habari. Akaacha kuja jikoni. Nami (angalieni akili ya mtu mwenye wivu) nikaanza kujiuliza ni kwa nini siku hizi hanielezi chochote, na ni nani anayeelezwa badala yangu.

Sasa ikafika Jumatano moja jioni, simu ikalia, Baba Nekesa akatoka nje. Kutoka si kosa, kwa sababu wakati huo mtandao kwetu ulikuwa unapatikana pale kando ya tangi la maji tu, na ploti nzima ilikuwa ikienda pale kusema siri zake kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa tangi nikianua nguo. Sikwenda pale kusikiliza, nilibaki tu nikisikiliza.

"Imeshika kweli?" akauliza. Akasikiliza, kisha akacheka kicheko ambacho nyumbani sikuwa nimekisikia kwa muda. "Ai, Mwende, hii ndoa imenitoa jasho. Ile ya kwanza ilikuwa imeachana kitambo, mimi nilikuwa naing'ang'ania tu bure."

Nikashika kamba ya nguo kwa mikono miwili.

"Sasa Ijumaa tuipeleke Kajiado wazee waione," akaendelea. "Wakikubali, ng'ombe tutapata. Mama Nekesa? Hapana, sijamwambia. Nitamwambia mambo yakiisha."

Nilikuwa na shati lake mkononi, limekauka vizuri, nikalirudisha kwenye ndoo ya maji. Kilichoniuma si hata ile ndoa, ni kile kicheko, jinsi alivyokuwa nacho siku zote na kumbe anakiweka akiba kwa mtu mwingine. Hapo ningezunguka tu lile tangi nimuulize, Baba Nekesa, ndoa gani, naye angenijibu, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Badala yake nikapitia nyuma ya choo nikaenda kwa Mama Kevo.

Mama Kevo ni jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na mfuniko. Nilimweleza nikilia. Nilikuwa bado na akili kidogo, kwa hivyo nikauliza, Mwende ni Mkamba wa Machakos, wazee wa Kajiado wanaingilia wapi? Akasema labda amelelewa na mjomba. Nikauliza, na tangu lini bwana arusi anaenda kupewa ng'ombe badala ya kutoa? Akafikiria, akasema pengine huko baba wa msichana husaidia kijana kuanza maisha. Tukiwa wazima tungecheka. Wakati ule maneno hayo yaliingia kichwani mwangu yakakaa kama wageni walioalikwa.

Kufika Alhamisi jioni habari ilikuwa imefika kwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, ambaye alisema hakuna mama wa kundi lake atakayeenda kuachwa peke yake kama mbuzi aliyefungwa barabarani. Tungeenda sote, na tungevaa sare, gauni la buluu na kitambaa cheupe, ili wazee wajue huyu mke ana watu. Baba Nekesa aliniaga Ijumaa asubuhi akasema anaenda kazini. Nikamwambia safari njema. Kisha nikatoa ukutani picha yetu ya arusi na fremu yake, nikatoa cheti cha ndoa kwenye bahasha, na kwa kuwa mkoba wangu ulikuwa mdogo, Mama Kevo akaniazima wake mkubwa mweusi wa kwendea matanga, ule wa kifuniko kinachojishika chenyewe ukikiachilia, tap. Mimi mwalimu wa fizikia nilikisikia kile kifuniko kikisema tap na sikuwaza lolote.

Mume wa mwenyekiti ana pikapu ya kubebea nyasi za ng'ombe, hiyo ndiyo iliyotupeleka. Tuliuliza njiani tukaelekezwa, tukawakuta nje kidogo ya mji, kwenye uwanja wa mnada ambao siku hiyo haukuwa na mnada. Nikaona hema, nikaona viti vya plastiki vimepangwa, nikaona wazee na fimbo zao, nikaona ng'ombe kwenye boma dogo la mbao. Na chini ya hema, kando ya mume wangu, msichana mwembamba. Mama Kevo akanifinya mkono akaniambia polepole kwamba hata amevaa nyeupe. (Lilikuwa koti la maabara. Kutoka mbali nani angejua.)

Mpango ulikuwa niingie mimi mbele, wenzangu nyuma, nitoe picha, niseme langu. Lakini tulipokaribia, kijana mmoja wa idara ya mifugo akatukimbilia na mikono wazi, akatuambia kwaya karibuni, tumewangoja sana. Kumbe walikuwa wamealika kwaya ya mahali, haikuwa imefika, na sisi hapo tulikuwa na sare na nyasi kwenye vitambaa. Nilifungua mdomo kukataa. Mwenyekiti wetu, ambaye tangu nimjue hajawahi kukataa kuimba, alikuwa ameshaanzisha wimbo wa shukrani.

Basi tukaimba. Nilikuja kuzuia ndoa ya mume wangu nikajikuta naiimbia, tena sauti ya pili, nikipiga makofi. Na mume wangu aliponiona, ndugu zangu, hakushtuka hata kidogo. Uso wake ulifunguka wote, akanipungia mkono kama mtoto aliyemwona mamake siku ya wazazi shuleni, kisha akavua miwani akaifuta na shati. Nikajiambia, mwanamume huyu amekauka macho. Nilitaka nimpige na fremu.

Wimbo ulipoisha yule kijana akasema kwaya isiketi kabla ya kutoa neno moja. Wenzangu wakanisukuma mbele. Nikashika maiki, mkoba kwenye mkono.

"Mimi naitwa Mama Nekesa," nikasema, na maiki ikapiga mluzi. "Mimi ndio bibi ya huyu mwanaume, wa kanisa na wa cheti. Na hii ndoa mmeletewa hapa leo, mimi siitambui."

Nilingoja Mwende ainamishe kichwa, nilingoja wazee wakasirike. Badala yake mzee mmoja wa mstari wa mbele, Mzee Leteipa, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa wafugaji hapo, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia hoja.

"Takwenya, mama," akanisalimia kwanza.

"Iko," nikajibu, kwa sababu hata ukiwa na hasira salamu ni salamu.

"Hiyo ndoa umeona iko na shida gani? Sisi bado hatujaijaribu."

Nikamuuliza watu wazima wanajaribu ndoa namna gani. Akasema ni lazima, wataiweka kwa ng'ombe moja moja waone kama inalia. Wazee wenzake wakaitikia. Kijana wa mifugo akawaambia wanyamaze, huyu mama ni mwalimu wa fizikia, bwana yake amewaeleza kwamba anaelewa mambo haya kuliko yeye, waache aeleze kasoro. Nilisikia, lakini wivu ulikuwa umeshika usukani na hauna breki.

"Na ile ya kwanza?" nikasema. "Wazee wazima, hamuulizi ya kwanza ilienda wapi?"

"Ya kwanza tuliambiwa iliachana," Mzee Leteipa akasema kwa upole. "Gundi ilikuwa mbaya."

"Gundi?" nikasema, kwenye maiki.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Mwende. Niliona macho yake yakitoka kwangu yakaenda kwa mume wangu yakarudi, na mkono ukaenda mdomoni. Baba Nekesa yeye alikuwa bado anatabasamu, akidhani nauliza swali la kitaalamu. Msichana akaondoka mezani akaja kwangu haraka, nadhani kuniokoa, na mkononi alikuwa ameshika kile kifaa, kipande chembamba kwenye mpini wa mbao, na waya zinazoenda kwenye kisanduku alichokitundika begani. Alikuwa anataka kunionyesha kwamba ndoa ndiyo hii, Mama, tazama, ni hii tu.

Alipofika karibu nami kisanduku kikalia, tiii.

Akarudi nyuma, kikanyamaza. Akaja, kikalia tena, kirefu. Sasa lazima mjue kile kilichokuwa kimeelezwa wazee kabla hatujafika. Ng'ombe wa huko, kwa sababu ya ujenzi na seng'enge, hula vipande vya waya pamoja na nyasi, na waya ukifika tumboni unatoboa polepole kuelekea moyoni. Daktari wa mifugo humpa ng'ombe sumaku ameze, ikae tumboni iushike ule waya. Kazi ya kifaa ilikuwa kupita ubavuni na kulia pale ng'ombe mwenye sumaku anapopatikana, asije akapewa nyingine. (Ndiyo, hata dira ya shule ingefanya hivyo, na kama ningekuwa mtafiti ningeuliza hilo. Walitaka tu mahali rahisi pa kuanzia.)

Wazee wakasimama wote. Mmoja akasema huyu mama amemeza waya. Mwingine akamsahihisha kwamba hapana, huyu ameshapewa sumaku, sikia. Kijana wa mifugo akasahau kazi yake akaniuliza ni lini. Na Mzee Leteipa akanisogelea akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Usiogope, mama," akasema. "Waya hata hautoki. Sumaku inaushika tu, usiende kwa moyo."

Nyuma yangu nikasikia mwenyekiti wetu akianza kuomba.

Mwende akaniomba mkoba, kwa sauti ya chini, kwa heshima, na nikampa. Kile kifuniko cha Mama Kevo, tap, kumbe kilikuwa na sumaku ndani. Alipokifungua kuwaonyesha wazee, cheti kikadondoka, na picha ya arusi ikabaki mikononi mwake, mimi na Baba Nekesa tukiwa wembamba, nimeshika maua ya plastiki. Sasa hata mume wangu akaelewa. Nilimwona akielewa, kuanzia paji la uso kushuka chini.

Nilingoja msichana anicheke. Ilikuwa haki yake. Akaipangusa picha vumbi na koti lake, akageukia wazee.

"Wazee, asubuhi mliuliza ni nani aliita hii kitu ndoa," akasema. "Si sisi. Mwalimu alikuja leb siku moja akatuambia bibi yake amemaliza kuieleza akipika ugali. Alisema, kwa hivyo ni kama ndoa, mmoja akivutwa na sumaku, mwenye kulia ni yule mwingine. Tukaiita hivyo tangu hiyo siku. Huyo bibi ndiye huyu."

Lile neno langu la kejeli. Nilikuwa nimelitupa pamoja na maji ya kuoshea sufuria, na yeye akaliokota akalipeleka chuo kikuu, wakalifanyia kazi, na ndilo nililokuja kulizuia na kwaya nyuma yangu. Wazee wakacheka mpaka wengine wakashika viti, na Mzee Leteipa akasema huyu mama amesema ukweli mtupu, hata kwake iko hivyo. Na mimi nikalia, mbele yao wote, hapo hapo Mwende akanirudishia mkoba na kile kisanduku nacho kikaanza kulia pamoja nami.

Majaribio yalifanyika, mniamini. Walipitisha kifaa kwa ng'ombe mmoja mmoja, kikalia pale palipostahili na kunyamaza pale palipostahili, na wazee wakakubali ng'ombe wao watumiwe. Tuliombwa tuimbe tena. Tukaimba, mara hii mimi nikiwa mstari wa nyuma kabisa.

Tulirudi nyuma ya pikapu, mimi na Baba Nekesa kwenye nyasi, wenzangu wakiangalia mbele kama watu wasiojua Kiswahili. Baadaye sana, Isinya tumeshaipita, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia," akasema. "Nilisimama kwa mlango ya jikoni nikakuambia mpaka ukaniuliza bei ya unga. Hii ya leo niliogopa ikikataa utanicheka. Nilipokuona umekuja na wamama wote nikafikiri umesikia mahali, umekuja kusimama na mimi."

Nikamtoa nyasi kwenye shati. Miezi kadhaa baadaye nikapata ruhusa ya kwenda ile maabara Jumamosi, na Mwende akanifundisha kubandika, jinsi ya kubana vipande viwili mpaka gundi ikauke bila hewa katikati. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Hilo lilinichoma, na bado linanichoma, hata sasa ninapoandika tasnifu yangu mwenyewe ya shahada ya pili na yeye ndiye anayesahihisha. Nimeapa kutosimama tena nyuma ya tangi la watu, na mkoba wenye kifuniko cha tap haujaingia nyumbani kwangu tangu siku hiyo. Redio ya jikoni nilimpa Mama Kevo.

Na wale wa Kajiado wakiniuliza kama waya ulitoka, zamani nilikuwa nawaambia ulitoka, ili waniache. Siku hizi nawaambia ukweli, kwamba bado uko, ila umeshikwa.